Uvimbe na Jina Lake

Tuseme mama mmoja wa kijiji cha ndani ya Kwale amempeleka mwanawe hospitali ya Msambweni. Juu ya mkono wa mtoto pana uvimbe ambao majuma matatu yaliyopita haukuwako, na sasa ni mkubwa kama korosho. Majirani wamekwisha kuupa jina: saratani. Je, ni haki kulitamka neno hilo kabla ya ushahidi?

Mwaka 1955 madaktari watatu wa Marekani, Konwaler, Keasbey na Kaplan, waliandika habari za uvimbe wa namna hii. Hukua upesi, na chembe zake zikitazamwa kwa hadubini huonekana zikigawanyika kwa wingi, mfano wa sakoma, yaani saratani ya nyama laini za mwili. Lakini hausafiri mwilini wala hauui. Aghalabu hukoma wenyewe, na pengine hunywea. Wapo waliokatwa zaidi ya ilivyopasa kwa sababu ya sura yake tu. Hata mvulana aliyepigwa teke la paja katika mpira pwani ya Diani aweza kuota mfupa ndani ya msuli, na kipande chake kikikatwa mapema mno kikamtia shaka mtazamaji hodari.

Walakini msomaji asikimbilie kusema, "Basi tungoje." Mwaka 1958 Denis Burkitt, mpasuaji wa Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto wa Afrika. Huo ni saratani kweli, tena hukua upesi kupita nyingi. Lakini ukiwahiwa, dawa huweza kuuponya. Amfichaye mtoto nyumbani kwa kuliogopa jina humdhulumu sawasawa na amkataye kwa kuliamini.

Jicho peke yake haliwezi kuamua. Hukatwa kipande, kikapelekwa kwa mjuzi, na majibu yakangojwa. Siku hizo za kungoja ndizo ngumu, na ndipo daktari hujaribiwa. Akisema, "Si kitu," kwa huruma, mama huenda asirudi: nauli ni ghali, shamba lina magugu, na watoto wengine wanalia nyumbani. Akisema, "Ni saratani," mama huenda akauza mbuzi wake wote kabla ya Ijumaa. Wako wadhanio kuwa daktari akikiri kutojua huvunja heshima yake. Mimi sikubali. Mama akiambiwa, "Sijui bado, rudi Jumatatu ya pili, tulitazame jibu pamoja," ana sababu ya kuitafuta ile nauli.