Neno Walilomtia Kinywani

Kiingereza kina neno "ain't", ambalo hukanusha bila kubagua nafsi: mimi, wewe, yule, sisi, wale, wote umbo moja. Mswahili hapaswi kushangaa, maana "si" yetu hufanya kazi ya jinsi hiyo hiyo na hakuna aliyewahi kudharauliwa kwa kuitamka. "Ain't" imewaaibisha watoto darasani vizazi kwa vizazi. Mwaka 1961 kamusi kubwa ya Merriam-Webster ilipoeleza kwamba wengi hulikataa neno hilo lakini wapo wasomi wanaolisema, magazeti ya Marekani yaliishambulia vikali. Ilhali mabwana wakubwa wa Uingereza walilisema karne ya 19 bila haya yoyote. Neno ni lile lile. Kilichobadilika ni mdomo uliolitoa.

Kwa hiyo namfikiria Sojourner Truth, mwanamke mweusi wa Marekani aliyetoka utumwani na kupigania haki za weusi na wanawake. Dunia nzima inamkumbuka kwa swali moja, lililojengwa juu ya "ain't": je, mimi si mwanamke? Inasemekana aliliuliza katika hotuba huko Akron, Ohio, Mei 1851. Lakini taarifa ya hotuba hiyo iliyochapishwa mwezi uliofuata na Marius Robinson, aliyekuwapo, haina swali hilo. Lilitokea mwaka 1863, katika simulizi ya Frances Gage, mtetezi wa haki za wanawake, aliyeyaandika maneno ya Truth kwa lafudhi ya watumwa wa Kusini mwa Marekani. Hata humo halikuwa na "ain't"; wasimuliaji wa baadaye ndio waliolitia. Truth hakuwa mtu wa Kusini. Alizaliwa utumwani katika jimbo la New York, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi.

Hili linaniuma. Wasomaji waliiamini lafudhi ile kwa sababu ndivyo walivyotarajia mwanamke mweusi aliyekuwa mtumwa aseme. Maana ya neno, basi, haiko katika kamusi peke yake. Imo pia katika sura tunayoichora ya msemaji kabla hajafungua kinywa.

Hata hivyo siwezi kutaka swali lile lifutwe. Mwandishi mweusi wa Marekani bell hooks alilifanya jina la kitabu chake mwaka 1981, na wanawake weusi wengi wamelisema kwa fahari, kwa neno lile lile walilofundishwa kulionea haya. Ni lao sasa. Ila anayelitamka kwa jina la Truth asome pia taarifa ya Robinson: humo mwanamke anaeleza kwamba amelima, amevuna na amekata kuni, kisha anauliza kama yuko mwanamume anayeweza kufanya zaidi ya hayo.