Uache Mruka Usimame

Mjukuu wangu, keti kwanza. Mwenye msumeno nimempa chai, atasubiri.

Mruka unaotaka kuuangusha niliukuta hapa kihambani nilipomwoa bibi yako, na tayari ulikuwa mkubwa. Kahawa yote iliyomsomesha baba yako imekua chini ya kivuli chake. Unasema utapanda migrevilea ishirini mahali pake. Panda, lakini usinihesabie miche. Wapima misitu huuzungushia mti utepe mita 1.3 kutoka ardhini, usawa wa kifua, kwa kuwa uzito umo kwenye unene. Shina likinenepa mara mbili, mbao haziongezeki mara mbili, bali mara nne na zaidi. Na karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, iliyovutwa hewani mwaka baada ya mwaka. Kila kilo ya kaboni ikichomwa au kuoza hurudi juu ikiwa karibu kilo 3.7 za hewa ukaa. Mbao za kitanda zitaitunza kwa muda, nakubali. Matawi je? Yataishia jikoni mwezi huu huu. Mizizi itaoza.

Sisemi kihamba ni msitu. Huko juu kwenye makorongo ya Kilimanjaro, mwaka 2016 ulitangazwa mkukusu wa mita 81.5, mrefu kuliko mti wowote wa asili uliopata kupimwa Afrika. Sisi hapa hatuna cha kulinganisha nao. Ila msitu ule unalindwa kuanzia huku chini, na hili nimechoka kulisema. Ujana wangu kuni tulizitafuta nusu maili, ukanda uliotengwa mwaka 1941 kwa ajili yetu wa mlimani. Mwaka 2005 msitu ukaingizwa katika hifadhi ya taifa. Tangu hapo, nyumba isiyo na miti, mama yake hupanda huko kwa kujificha, roho mkononi.

Bei ya kahawa ilipoanguka, jirani yetu wa bondeni alifyeka vivuli vyote akalima mahindi. Misimu michache alivuna vizuri, mwanangu, nisikudanganye. Sasa mvua ikinyesha, udongo wake unapita mlangoni kwangu.

Najua ada ya mtoto inakubana. Ile migrevilea miwili ya mpakani niliipanda kwa shida kama hii. Mwambie mwenye msumeno akimaliza chai anifuate, nikamwoneshe.