Deni la Nguo

Vazi ni sitara ya mwili na heshima ya mtu. Lakini ni wachache waulizao swali hili: je, nguo inapomsitiri mwenye kuivaa, humdhuru nani mwingine?

Zamani binadamu alivaa pamba, sufu, katani, hariri na ngozi. Vitu hivi vilitoka shambani na kwa wanyama, na vilipochakaa vilirudi udongoni. Mwaka 1935 nailoni ilibuniwa Marekani, na mwaka 1941 poliesta ikabuniwa Uingereza. Nyuzi hizi hazioti shambani. Asili yake ni mafuta yachimbwayo chini ya ardhi. Poliesta ya shati na plastiki ya chupa ya maji ni kitu kimoja, ila moja imefumwa na nyingine imefinyangwa.

Yatupasa kuwa waadilifu. Nguo hizi zina fadhila zake: bei yake ni nafuu, hukauka upesi na hudumu. Mama mwenye watoto watano halaumiwi akiwanunulia sweta za akriliki za shule, maana za sufu ni ghali mno. Pamba nayo haikosi ila, kwa kuwa hunywa maji mengi na hunyunyiziwa dawa nyingi za wadudu. Walakini hakuna masika yasiyokuwa na mbu, na mbu wa nguo hizi ni wadogo hata jicho haliwaoni.

Kila zifuliwapo, vinyuzi vyembamba hukatika vikaenda na maji. Tumwagapo beseni, vinyuzi hivyo hufuata mtaro hadi mtoni, na mto huvipeleka baharini. Haviozi kama pamba, samaki huvimeza. Katika miaka ya 1990, madaktari wa Marekani na Kanada waligundua maradhi ya mapafu kwa wafanyakazi wa viwandani waliovuta vumbi la nailoni. Mwaka 2022 watafiti wa Uholanzi walichunguza damu ya watu 22, wakakuta plastiki katika damu ya watu 17. Madhara ya chembe hizo katika damu bado yanachunguzwa. Asiye na hakika asiwatishe watu. Lakini pia asijidanganye kuwa yu salama. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Agosti 2017 nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Tuliitupa mifuko, tukarudi nyumbani tukiwa tumevaa jamaa zake. Mfuko ulionekana ukipepea mitini na kuziba mitaro, kwa hiyo tuliuhukumu. Uzi hauonekani, kwa hiyo tumeusamehe. Je, ubaya ni ubaya kwa kuwa unaonekana tu? Mwizi wa usiku ni mwizi sawa na wa mchana.

Sisemi tuvue nguo zetu tuzitupe, maana kuzitupa ni kuongeza taka. Nasema kwamba asiyejua hana lawama, lakini ajuaye ana deni. Deni hili hulipwa kwa mambo madogo. Nunua kwa haja, si kwa fahari: nguo hupoteza vinyuzi vingi zaidi inapofuliwa mara za kwanza, basi abadilishaye mashati kila mwezi huchafua maji kuliko avaaye shati moja kwa miaka mitano. Shona kifungo kilichokatika, tia kiraka palipotoboka. Fua nguo ikichafuka, tena kwa maji baridi. Nguo kuukuu usiichome, kwa kuwa moshi wake ni sumu kwako na kwa jirani.

Huenda mwenzako akacheka kiraka chako. Mwache acheke. Kiraka huonwa na watu wote, na uchafu tuutiao mtoni hauonwi na mtu. Lakini mtu mwema hupimwa kwa lile atendalo pasipo kuonwa. Anywaye maji chini ya mto hamjui aliyefua juu yake, na haki yake haipungui kwa sababu hiyo.