Mtoto Aliyeomba Nyoka



Katika Luka 11 Bwana wetu auliza kama yuko baba ambaye, akiombwa samaki, atampa mwanawe nyoka. Nilipokuwa kwa binti yangu Uingereza, mjukuu wangu wa miaka 14 alikuwa akiomba nyoka hasa, tena wa pili! Wa kwanza hana sumu. Hulishwa panya waliogandishwa kisha wakayeyushwa. Lakini mama yake amekulia hapa hapa Masasi, ambako nyoka ni swila na koboko.

Kijana hawezi kujinunulia. Sheria ya kule ya mwaka 2006 yakataza kumwuzia mnyama mtoto asiyetimiza miaka 16. Basi alisihi kila jioni, hata baba yake akamwuliza: "Nyoka hawa huweza kuishi miaka 20. Ukienda chuoni, nani atawalisha? Mama yako?" Akanyamaza. Nikadhani amenyimwa.

Ndugu zangu, mara ngapi nimeomba jambo, Mungu akaniuliza swali, nami nikaondoka nikinung'unika kwamba hasikii?

Mtoto huyu hakununa. Siku ya nne alirudi, akakiri kwamba hakuwa amemfikiria mama yake hata kidogo. Akamwomba aketi aone anavyomlisha yule wa kwanza, anavyofunga kifuniko kwa komeo, anavyonawa mikono. Mama akaketi, miguu juu ya kiti.

Nilipoondoka jibu lilikuwa bado. Lakini ni mama aliyeuliza sanduku la pili lingewekwa wapi.