Mlaji Asiyeuliza: Dhana Njema na Amana kwenye Benchi la Mama Lishe

Lipo swali la dini na falsafa ambalo wakazi wa miji ya Afrika Mashariki hulijibu kila siku saa za mchana bila kulitamka: mtu anayekula chakula kilichopikwa na asiyemjua ana wajibu gani wa kuuliza kimetoka wapi, kimechinjwa na nani na kimeandaliwa vipi? Swali hili huonekana wazi zaidi katika biashara ya mama lishe, yaani wanawake wanaopika na kuuza chakula cha bei nafuu kando ya barabara, kwenye gereji, masoko na maeneo ya ujenzi, ambao Dar es Salaam huitwa pia mama ntilie. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mlaji ana haki ya kutouliza, lakini haki hiyo haijitegemei, bali inategemea wajibu wa muuzaji wa kusema kabla hajaulizwa. Na kadiri mlaji anavyonyamaza, ndivyo amana aliyobeba mpishi inavyozidi kuwa nzito.

Mambo yenyewe hutendeka haraka. Mteja hunawa mikono kwa maji yanayomiminwa kutoka kwenye jagi juu ya beseni, huketi kwenye benchi chini ya turubai, kisha huuliza tu, "Mama, leo kuna nini?", naye hutajiwa wali maharage, wali nyama, ugali dagaa au ugali samaki, na mchicha au matembele pembeni. Akishachagua, upawa huzama ndani ya sufuria na kuibuka na vipande viwili vya nyama na mchuzi, ambavyo mlaji huviona kwa mara ya kwanza vikiwa tayari juu ya wali wake. Hakumwona ng'ombe wala kisu, hakuona maji yaliyooshea sahani, wala hajui kama mafuta ya kukaangia samaki ni ya leo au ya juzi. Anayempakulia huenda ni Mkristo na aliyeketi ubavuni mwake Mwislamu, na hakuna anayeshangaa. Palipo na mengi kiasi hiki yasiyojulikana, ukimya wa mlaji unahitaji maelezo, hasa kwa watu ambao methali yao wenyewe inasema kuuliza si ujinga.

Fikra ya Kiislamu inalo jibu la kale kuhusu jambo hili. Katika hadithi iliyopokewa na Bi Aisha na kuhifadhiwa katika mkusanyiko wa Bukhari, watu walimweleza Mtume kwamba huletewa nyama na jamaa waliosilimu karibuni, nao hawajui kama jina la Mwenyezi Mungu lilitajwa wakati wa kuchinja. Akawaelekeza walitaje wao wenyewe, kisha wale. Wanazuoni waliona humo kanuni pana zaidi, kwamba tendo la mtu mwingine huchukuliwa kuwa sahihi mpaka idhihirike vinginevyo, na kanuni hiyo inaoana na msingi wa fiqhi, yaani elimu ya sheria za dini, usemao kuwa jambo la yakini haliondolewi na shaka. Hapa ndipo inapopata nafasi dhana njema, ambayo ni tabia ya kumchukulia mwenzako kwa wema pale ambapo hakuna alama ya ubaya. Hata hivyo, ni muhimu kuona mpaka wa hukumu hiyo, kwa kuwa inaondoa dhambi lakini haiondoi maradhi: mlaji aliyetaja jina la Mungu kwa moyo safi bado anaweza kupatwa na kipindupindu kutokana na maji machafu, na kwa sababu hiyo dhana njema haiwezi kuwa jibu zima.

Mwanazuoni Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilipeleka jambo hili mbali zaidi katika kitabu cha halali na haramu kilichomo ndani ya Ihya, kazi yake kubwa kuhusu elimu za dini. Yeye aliusifu sana uchamungu wa kujiepusha na yenye shaka, lakini aliona pia kwamba kuuliza si tendo lisilo na madhara, kwa kuwa anayemhoji mwenyeji wake kuhusu asili ya chakula bila alama yoyote ya kutilia shaka humuumiza na kumdhania vibaya. Mtu wa namna hiyo, kwa maoni yake, ni afadhali ajizuie kula kwa upole kuliko kuuliza, maana kujiepusha na shaka ni ubora wa ziada, ilhali kuuvunja moyo wa mwenzako ni kosa. Inawezekana kupinga kwamba mama lishe si mwenyeji bali ni mfanyabiashara, na anayelipa ana haki ya kujua anacholipia. Pingamizi hilo lina uzito, lakini haligusi kiini cha hoja, ambacho ni kwamba swali nalo ni tendo linalomfikia mtu, na mtendaji wake huwajibika kwalo.

Mtume Paulo alikutana na tatizo linalofanana na hili katika mji wa Korintho katikati ya karne ya kwanza, ambako Wakristo hawakuwa na hakika kama nyama iliyouzwa sokoni ilikuwa imetolewa sadaka kwa miungu. Katika waraka wake wa kwanza kwa kanisa la mji huo, sura ya 8 hadi ya 10, aliwaruhusu wale bila kuulizauliza, lakini aliongeza sharti ambalo mara nyingi husahauliwa: mtu akiwaambia wazi kwamba nyama ile ilitolewa sadaka, waiache kwa ajili ya dhamiri ya huyo aliyesema. Kwa sharti hilo, uzito wa swali ulihama kutoka kwenye nyama na kwenda kwa mtu aliye karibu. Kutouliza kunaruhusiwa, lakini kujifanya hujasikia hakuruhusiwi, na tofauti kati ya hayo mawili ndiyo inayotenganisha kumwamini mtu na kufumba macho makusudi.

Katika falsafa ya karne ya ishirini, Mdenmark Knud Ejler Løgstrup alieleza muundo wa hali hii katika kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu dai la kimaadili. Kwa maoni yake, binadamu kwa kawaida hukutana wakiaminiana, na kinachohitaji sababu ni kutoaminiana. Anayemwamini mwenzake huwa amejiweka mikononi mwake, na hapo huzaliwa dai ambalo halitamkwi, la kwamba huyo mwingine autunze uhai uliowekwa mikononi mwake. Mlaji wa benchini analitoa dai hilo kwa kitendo cha kutia tonge kinywani. Hivyo ukimya wake haupaswi kusomwa kama kutojali, kwa kuwa ni ombi lililokwisha kufika kwa mpishi, na mpishi amelipokea pale alipompakulia.

Pingamizi kubwa zaidi linatokana na uchumi. Kibarua anayebeba mizigo Kariakoo hali kwa mama lishe kwa sababu amepima tabia yake, bali kwa sababu hakuna kwingine anakoweza kushiba kwa fedha aliyonayo, na anayekosa la kuchagua ni vigumu kumwita mwenye kuamini. Mwanafalsafa Annette Baier, katika makala yake ya mwaka 1986, alionyesha kwamba kuaminiana kwingi duniani ni kwa namna hii, kati ya watu wasio na nguvu sawa, na akapendekeza kipimo chake: uhusiano wa kuaminiana ni mwema ikiwa haubomoki pale kila upande unapojua ni nini hasa upande wa pili unakitegemea kwake. Kipimo hicho hakimfungii nje kibarua. Kinalipeleka swali jikoni, kwa mpishi, ambaye hana budi kujiuliza kama angeendelea kumtazama mteja wake usoni iwapo mteja angekuwepo wakati sahani zinaoshwa.

Wajibu huo wa muuzaji una ushahidi wake katika hadithi iliyomo katika Sahihi ya Muslim, ambamo Mtume alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani yake na kukuta unyevu chini. Muuzaji alieleza kwamba nafaka ilinyeshewa na mvua, naye akahojiwa kwa nini hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione. Kosa lake halikuwa mvua, wala halikuwa uongo wa maneno, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza naye akadanganya. Kosa lilikuwa kuuacha ukimya wa wanunuzi umfaidishe. Kwa kipimo hicho, mama lishe anayemwambia mteja, "Maharage haya ni ya jana, kaka, nimeyapasha tu," anatimiza amana hata kama maneno hayo yatampotezea mteja mmoja.

Ifahamike pia kwamba kuaminiana huku kuna pande mbili. Kwa desturi wateja wengi wa vibanda hivi hula kwanza na kulipa baadaye, na aliyezoeleka huweza kuondoka bila kulipa, deni lake likiandikwa daftarini mpaka siku ya malipo. Mpishi naye, basi, huwa hajauliza, na anayeondoka kimyakimya wakati wa msongamano wa wateja huvunja dai lilelile ambalo yeye mwenyewe alilitoa aliponyoosha mkono kupokea sahani.

Ukimya huu wa pande mbili hauishi kwa nia njema ya watu wawili peke yao, kwani nyuma yake kuna maafikiano ya jamii. Desturi ya muda mrefu nchini Tanzania ya kuwaachia Waislamu kazi ya kuchinja nyama ya kuuzwa kwa wote iliwawezesha watu wa dini mbili kula kutoka sufuria moja bila kuhojiana. Desturi hiyo ilipopingwa, mapema mwaka 2013, mgogoro wa nani achinje ulileta umwagaji damu mkoani Geita, na swali lililokuwa limelala likarudi mezani. Vyeti vya halali na vibali vya afya vina kazi yake, hasa kwa bidhaa za viwandani ambako mtengenezaji na mlaji hawakutani kamwe, na mamlaka inayokagua maji ya kibanda humlinda mlaji dhidi ya hatari ambayo nia njema ya mpishi haiwezi kuizuia. Hata hivyo, hakuna mkaguzi anayekuwepo kila upawa unapozama sufuriani. Kwa hiyo anayetaka watu waendelee kula pamoja bila kuhojiana anapaswa kuelekeza madai yake kwanza kwa anayejua, wala si kwa asiyejua: mlaji atabaki na haki ya kunyamaza pale tu ambapo mpishi hajajipa haki hiyo.