Macho Kabla ya Mshale

Kabla maduka hayajafunguliwa, Kariakoo, Dar es Salaam, huwa na watu wasiobeba kitu wala kununua kitu. Wanapita taratibu kutoka Msimbazi hadi Mtaa wa Congo, wanasimama penye lori linaloshusha mzigo, wanauliza bei ya dazeni ya fulana, wanashukuru, wanaondoka. Mgeni angewadhania wazururaji. Kumbe wako kazini. Mwenye mtaji wa shilingi elfu hamsini hana nafasi ya kukosea: akinunua bidhaa ambayo mwezi huu haina mtu wa kuitazama, mtaji umekwenda na kodi ya chumba bado inadaiwa. Kwa hiyo huanza na miguu na macho. Pesa hutoka mfukoni mwisho kabisa, na wakati mwingine hairuhusiwi kutoka siku hiyo.

Kazi hii ina ndugu yake wa siku nyingi, aliyezaliwa kabla dunia haijajua soko. Ni kazi ya mwindaji wa upinde anayekwenda kulikagua pori kabla ya siku ya kuwinda. Huko Marekani, katika milima ya Rocky, wapiga upinde huanza kupanda vilele miezi ya Julai na Agosti, kabla msimu wa paa haujafunguliwa, na wengi huacha upinde nyumbani. Hukaa juu ya ukingo wa mlima na darubini, wakitazama mnyama anatokea wapi alfajiri, anajilaza kivuli gani jua likiwaka, anashuka kunywa maji njia ipi. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Kwetu Tanzania, kuzunguka Ziwa Eyasi na katika bonde la Yaeda, wako Wahadzabe, jamii ya watu elfu moja na ushei, ambao baadhi yao bado hula kwa upinde. Kwao ukaguzi wa pori hauna msimu, kwa sababu kila safari ni ukaguzi. Mtu anayekwenda kuchimba mizizi au kurina asali anarudi na habari: unyayo wa tandala penye mchanga, kinyesi ambacho bado kina unyevu, kidimbwi kilichobakiza maji wakati vingine vimekauka. Jioni kambini habari hizo hutandazwa kwa wote.

Kwa nini mwenye upinde ahangaike hivyo? Jibu liko katika silaha yenyewe. Bunduki huua kutoka mbali, na umbali huo unamsamehe mwenye bunduki mambo mengi: akikosea upepo, akivunja kijiti, akichelewa kuufahamu mlima, risasi itamfidia. Mshale hausamehe. Mwenye upinde sharti asogee mpaka aone mnyama anavyopepesa sikio, na hafiki hapo kwa bahati. Lazima ajue kwamba jua likipanda ubavu wa mlima hupata joto na hewa hupanda nao, na kwamba jioni hewa iliyopoa huteremka bondeni ikibeba harufu yake. Basi anayevizia kutoka chini asubuhi na anayevizia kutoka chini jioni hawafanyi jambo moja, hata wakikanyaga njia ileile. Udhaifu wa silaha ndio uliomlazimisha awe na maarifa. Na hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa la mawindo tu. Je, si kweli kwamba sehemu kubwa ya tunayoyajua vizuri tuliyajua kwa sababu hatukuwa na uwezo wa kuyapuuza?

Wahenga walituachia methali nyingi za kusifu subira, na ni rahisi kuiweka kazi hii katika fungu hilo kisha tuendelee na mambo yetu. Lakini subira peke yake ni kungoja, na mkaguzi wa pori hangoji. Anafanya kazi isiyolipwa, akijua kwamba huenda isilipwe kamwe. Watafiti waliofuatana na wawindaji wa Kihadzabe miaka ya 1980 walihesabu kwamba mwindaji mmoja humpata mnyama mkubwa mara moja tu katika takriban siku 30. Siku nyingine zote anarudi na ndege, na pimbi, na asali, au anarudi mikono mitupu. Na anapofanikiwa, nyama si yake peke yake. Inagawanywa kambi nzima. Hata mnyama akishapigwa mshale wenye sumu, mwindaji hamkimbilii. Mara nyingi hurudi kambini kuwaita wenzake, wakaufuate unyayo pamoja. Tafakari tabia inayojengwa na maisha ya namna hiyo: mtu amezoea kushindwa bila kuona aibu, na amezoea kushinda bila kujimilikisha ushindi.

Katika mji wetu tumejenga tabia ya upande wa pili. Tunaithamini siku ya kuleta, na siku ya kutazama tunaiita uvivu. Kijana akimwambia mjomba wake kwamba leo alikwenda Kariakoo akazunguka tu, ataulizwa amerudi na nini. Lakini muulize mfanyabiashara yeyote wa siku nyingi pale Sikukuu au Narung'ombe alivyoanza, na mara nyingi hatakutajia kwanza mtaji. Atakwambia alivyojua wateja kutoka Zambia na Komoro hufika lini na hutafuta nini, duka gani la jumla hupunguza bei mzigo ukikaribia kuisha, na kona ipi ina wapita njia wengi lakini haina wanunuzi. Hayo hakuyasoma popote. Aliyakusanya kwa kutembea siku ambazo hakuuza chochote. Leo mwenye mtaji mkubwa anaweza kuagiza kontena zima akiwa kitandani, na akikosea, kontena la pili litaziba pengo. Pesa nyingi ni bunduki ya sokoni: inampa mwenye nayo ruhusa ya kutokujua. Hatusemi kwamba ni dhambi kuwa nayo. Tunauliza tu, mtu aliyesamehewa kutokujua kwa muda mrefu, siku pesa ikikata, ataanzia wapi?

Kuna heshima nyingine iliyofichika katika kazi ya macho, nayo ni kukiri kwamba wenyeji wa mahali wanajua. Mwaka 2003 watafiti wa uhifadhi waliokuwa wakifanya kazi katika Mlima Rungwe walisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa juu ya kima mwenye woga anayekaa juu mitini, aitwaye kipunji. Wangeweza kuliweka neno hilo katika kapu la hadithi za wazee. Walilifuata, na mwisho wa mwaka huohuo wakamwona. Mwaka 2005 kipunji alitangazwa duniani kuwa spishi mpya, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa kima wa Afrika kwa zaidi ya miaka 80. Mpya kwa nani? Si kwa wale waliokuwa wakipanda mlima ule tangu utotoni. Elimu kubwa iliinama ikasikiliza elimu ya miguu, na nchi nzima ikafaidika: leo tunajua tuna mnyama asiyepatikana popote nje ya Tanzania, na tunajua yumo hatarini.

Hata hivyo, tusiwapambe wawindaji kupita kiasi. Misitu ya milima yetu, Udzungwa ikiwamo, imejeruhiwa na uwindaji haramu, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka mwindaji awe na kibali kwa sababu zinazoeleweka. Minde, mnyama wa jamii ya funo anayeishi katika milima ya Tanzania tu, ni mmoja wa wanaolipa gharama hiyo. Adui yake mkubwa ni mtego wa waya. Mtego hautazami. Hautofautishi jike mwenye mimba na dume aliyezeeka, wala minde na mnyama ambaye mtegaji hakumkusudia, na mtegaji akisahau kurudi, unaendelea kuua bila mwenyewe. Kati ya mtego na mshale kuna kazi yote ile ya macho tuliyoieleza, na kazi hiyo ndiyo inayompa mtu nafasi ya kuchagua, pamoja na nafasi ya kuacha.

Lakini je, kutazama peke yake ni wema? Kibaka naye hutazama. Pale Mnazi Mmoja na kwenye kituo cha mwendokasi Gerezani, kuna anayesoma mfuko wa nyuma wa suruali yako kwa uangalifu ambao mwindaji angeuheshimu. Tapeli humkagua mgeni aliyetoka mkoani tangu anaposhuka, anavyoshika begi, anavyotafuta jina la mtaa. Ujangili nao una wapelelezi wake, tena hodari. Basi tofauti haiko katika ukali wa macho. Pengine iko hapa: kibaka anatafuta udhaifu, achukue, atoweke, hana mpango wa kuonana na wewe kesho. Mwindaji wa kambi, kama mchuuzi wa kona, atarudi palepale kesho na keshokutwa. Akimaliza swala wa bonde, yeye ndiye atakayelala njaa. Akimuuzia mteja kiatu kibovu, yeye ndiye atakayepita mtaa huohuo akiitwa jina baya. Macho ya mtu anayerudi hukusanya habari na wajibu kwa pamoja.

Ndiyo maana kumhamisha mtu wa namna hii si jambo jepesi kama linavyoonekana kwenye karatasi. Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam waliondolewa kando ya barabara wakaelekezwa maeneo mengine. Sababu zilikuwapo: njia za waenda kwa miguu zilikuwa zimezibwa, na wenye maduka walilalamika kufunikwa. Lakini machinga aliyehama na bidhaa zake zote, bila kupoteza hata kitambaa, alikuwa ameacha nyuma sehemu kubwa ya mtaji wake, kwa maana ujuzi wa kona haubebeki mgongoni. Wahadzabe wanalijua jambo hilo kwa muda mrefu zaidi. Vizazi kadhaa wameona mashamba na mifugo ya wengine vikiingia katika ardhi waliyoijua kila kidimbwi, na kwa kuwa hawakulima wala kujenga, waliambiwa ardhi ile haikuwa na mtu. Mwaka 2011 jamii ya Wahadzabe wa Yaeda ilipata hatimiliki ya kimila ya zaidi ya hekta 20,000. Hatua hiyo ilikuwa na uzito mkubwa kuliko mihuri yake. Walau mara moja, serikali ilikubali kwamba kulijua pori, kulitembea na kulirudia, ni namna ya kuliishi.

Sisi tulio mjini tunafanya maamuzi mengi juu ya mahali tusipopatembea: mtaa upanuliwe, soko lihamishwe, msitu ufungwe au ufunguliwe. Mengine ni mazuri, na mengine hayaepukiki. Lakini kipimo cha adabu tungeweza kukikopa kwa watu wa upinde. Kabla ya kunyoosha mkono, mtu aende kwanza bila silaha na bila haraka ya kurudi na kitu, aulize wanaopajua, akubali kwamba huenda akarudi na jibu kwamba hapa hapaguswi. Atakayeona kazi hiyo ni ya kupoteza muda ajiulize ni nani hasa anayemlipia kutokujua kwake.