Taa ya Injini na Amri ya Saba

Gari la kisasa lina kompyuta inayowasha taa ya injini kwenye dashibodi ikigundua hitilafu. Fundi mwenye mashine ya kupimia anaweza kufuta kumbukumbu hiyo kwa dakika chache. Taa huzimika, ubovu hubaki, na baada ya safari kadhaa taa huwaka tena. Wakati huo gari limeshauzwa.

Muuzaji hujitetea: “Sikudanganya, hakuniuliza.” Wapendwa, Luther katika Katekisimo Ndogo ya 1529 aliiweka biashara ya bidhaa mbovu chini ya Amri ya Saba, pamoja na wizi. Naona alikuwa sahihi. Aliyeifuta taa amekwisha kumjibu mnunuzi kabla hajauliza, tena kwa uongo. Na kama taa yenyewe ni ya breki, mnunuzi anapakia watoto wake humo.